Lebo ya mkanda inamwambia nini anayefunga mzigo?

Kazi yangu ni kuandaa lebo za tahadhari za mikanda ya aina mbili: ya kunyanyulia mizigo kwa kreni na ya kufungia mizigo juu ya lori. Lebo nyingi ninazoletewa nizikague zimejaa maandishi ya kumkinga mtengenezaji siku ya kesi. Mimi huziandika kwa ajili ya mtu aliyevaa glavu, kreni inamsubiri, na ana swali moja tu: mkanda huu utaubeba mzigo huu?

Kinachonipa wasiwasi kuliko vyote ni kwamba mikanda hiyo inafanana mno. Yote mara nyingi ni poliesta iliyofumwa, na upana au rangi huweza kulingana. Nguvu yake ni habari nyingine. Kwa viwango vya Ulaya, mkanda bapa wa kunyanyulia (EN 1492-1) lazima uhimili mara 7 ya mzigo ulioandikwa kwenye lebo. Kwa mkanda wa kufungia (EN 12195-2), utepe wenyewe kabla ya kushonwa hudaiwa mara 3 tu, na racheti (kifaa cha kukazia) na ndoano zake mara 2. Mtu akisoma 2,500 kwenye mkanda wa lori, akautundika kwenye kreni akiamini amepata tani mbili na nusu, kinga aliyoitegemea haipo.

Ndiyo maana onyo la kutotumia mkanda huo kunyanyulia silifichi chini kabisa kwa herufi za sisimizi. Linakaa juu, kabla ya namba yoyote, kwa lugha ya watakaoutumia, pamoja na mchoro wa mzigo unaoning'inia kwenye ndoano ndani ya duara jekundu lenye mstari wa kukataza.

Mchoro nao lazima ujaribiwe kwa watu. Kiwango cha Marekani cha ANSI Z535.3 kinataka walau asilimia 85 ya wanaojaribiwa wauelewe, na wanaouelewa kinyume kwa namna ya hatari wasizidi asilimia 5. Hiyo 5 naiangalia kwa makini zaidi. Asiyeelewa mchoro huenda akauliza; aliyeuelewa kinyume haulizi, anafunga na kunyanyua. Katika majaribio yangu wapo waliouona ule mstari mwekundu kuwa ni mkanda wenyewe umezungushwa kwenye mzigo, yaani waliona maelekezo ya namna ya kunyanyua. Tangu hapo nahakikisha mstari unapita juu ya kila kitu na rangi yake haifanani na ya mkanda uliochorwa.

Lebo ya mkanda wa lori ina mtego mwingine. Huandikwa namba mbili: LC, yaani mvuto ambao mkanda unaruhusiwa kuubeba, na STF, yaani mkazo unaobaki baada ya kukaza racheti kwa mkono. Zote ziko kwa daN (dekanyutoni, kipimo cha nguvu), na daN 1 ni karibu sawa na uzito wa kilo 1. Dereva huona LC 5,000 na kuridhika. Lakini anapoupitisha mkanda juu ya mzigo ili msuguano uuzuie kuteleza, namba inayofanya kazi ni STF. Ikiwa STF ni daN 350, na kigezo cha msuguano kati ya mzigo na sakafu ni 0.3, mkanda uliosimama wima pande zote mbili unaongeza kizuizi cha daN 210 tu: 350 mara 0.3, mara pande mbili. Ningependa STF iandikwe kwa herufi kubwa sawa na LC, wala si kusukumwa pembeni.

Kwenye mikanda ya kunyanyulia, michoro ya namna ya kufunga ina thamani kuliko aya nzima. Mkanda wa tani 2 ukinyonga mzigo, yaani ukiuzunguka na ncha moja kupita kwenye kitanzi cha nyingine, unabaki na tani 1.6. Ukiupakata, yaani ukipita chini ya mzigo na ncha zote mbili zikatundikwa juu, kwa pande mbili zilizo wima, unapata tani 4. Pande hizo zikitanuka hadi nyuzi 45 kutoka wima, hesabu tani 2.8.

Rangi ya lebo nayo inasema: buluu ni poliesta, kijani ni nailoni, kahawia ni polipropilini. Ni muhimu palipo na kemikali, kwa sababu alkali huidhuru poliesta na asidi huidhuru nailoni.

Yote haya hayana maana ikiwa lebo haisomeki. Huwa naisugua kwa kitambaa chenye dizeli na mchanga, naianika juani, kisha nampa mtu mwingine aisome. Sehemu yake hushonewa ndani ya mkanda, ili ile ya nje ikichanika alama ya mtengenezaji na namba ya ufuatiliaji zibaki. Kipande hicho husaidia kujua mkanda ulikotoka, ila hakimruhusu mtu kuendelea kuutumia: lebo ya nje isiposomeka, mkanda unatolewa kazini hata kama utepe wake bado unang'aa.