Kompyuta kukimbia si ushahidi kwamba iko salama

"Mashine yangu haina virusi, mbona inakimbia vizuri tu?" Mafundi wa kompyuta wameizoea kauli hii. Programu ya mlango wa nyuma, yaani inayowafungulia wadukuzi njia ya siri ya kuingia, haitaki kompyuta iwe nzito; ikishtukiwa, kazi yake imekwisha.

Chukua CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta (kejeli iliyoje!). Mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza msimbo wao ndani ya toleo la 5.33 kabla halijatoka. Agosti watu wakalipakua kwenye tovuti rasmi, lina sahihi halali ya kidijitali (alama ya kuthibitisha kuwa limetoka kwa mtengenezaji), antivirusi zikaliruhusu kupita. Likishaingia, lilikusanya jina la kompyuta na orodha ya programu zilizomo, likatuma taarifa hizo kwa seva (kompyuta ya mbali) ya wadukuzi, likasubiri maagizo. Toleo hilo lilifika kwenye kompyuta milioni 2.27, na karibu mwezi mzima ukapita kimya. Kati ya hizo walichagua kama 40 tu, za kampuni kubwa za teknolojia na mawasiliano, wakaziongezea programu ya pili.

Kusasisha CCleaner pekee hakukutosha: watafiti wa Cisco Talos, kikosi cha usalama wa mtandao cha kampuni ya Cisco, walishauri kurudisha nakala ya akiba au kusakinisha mfumo wa kompyuta upya.