Ndoo ya mabaki ya rodi, na thamani ya cheti cha fundi

Nilifundisha uchomeleaji kabla ya kuingia kwenye kazi ya kutathmini programu za ufundi stadi, na hadi leo nikifika chuoni siombi kwanza mtaala, bali naingia karakana nikatazame ndoo ya mabaki ya rodi, vile vijiti vya chuma vinavyoyeyuka wakati wa kuchomelea. Ikiwa katikati ya muhula ndoo hiyo iko karibu tupu, najua wanafunzi wamechora mashine kwenye madaftari kuliko walivyoiwasha. Mkono wa mchomeleaji hauzoezwi kwa maelezo, kwa kuwa mwanafunzi hana budi kuushika umbali kati ya ncha ya rodi na chuma, kwenda kwa mwendo usiosita, na kusikia mlio unavyobadilika pale umbali unapozidi. Na hayo yote huja baada ya kuharibu vyuma vingi. Mashine hununuliwa mara moja na kuzinduliwa kwa sherehe, lakini rodi na vyuma huisha kila wiki, na fungu la vitu vinavyoisha ndilo hupunguzwa kwanza bajeti inapobana.

Hata karakana iliyojaa vifaa, hata hivyo, haizalishi ajira yenyewe. Mwaka 1965 Philip Foster, aliyeichunguza Ghana, alieleza kwamba vijana walioupendelea usomi kuliko ufundi hawakuwa wakidharau kazi za mikono, bali walikuwa wakifuata mishahara na nafasi zilizokuwepo, na kwamba kubadili mtaala hakubadilishi soko. Mwaka 2017 David McKenzie, mchumi wa Benki ya Dunia, alipitia majaribio ya mafunzo katika nchi zinazoendelea, na wastani alioukuta ni kwamba kati ya watu 100 waliofunzwa, takriban wawili tu ndio walipata kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo hayo. Wengi wa waliobaki walioajiriwa wangeajiriwa vilevile. Ndiyo maana ripoti inayojigamba kwamba asilimia fulani ya wahitimu wake wana kazi hainishtui, mradi haisemi wenzao wasiofunzwa wako wapi.

Kuna pia suala la nani anahesabiwa. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, mwaka 2023 vijana wasio na ajira walikuwa karibu milioni 65, lakini kijana mmoja kati ya watano hakuwa kazini, wala shuleni, wala kwenye mafunzo, na theluthi mbili ya hao walikuwa wasichana. Katika nchi maskini kijana hawezi kukaa bure akisubiri nafasi. Atabeba mizigo, atauza chochote, na takwimu zitamwita mwenye kazi.

Utafiti ninaourejea mara nyingi ni wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2020 na Livia Alfonsi na wenzake. Baadhi ya vijana walifundishwa miezi sita chuoni, wengine walifundishwa ndani ya biashara zilizowaajiri. Hawa wa pili walitangulia kupata kazi, jambo la kutarajiwa kwa kuwa mwalimu wao alikuwa mwajiri wao; lakini kadiri miaka ilivyopita, wale wa chuoni waliwapita, kwa sababu walipoachishwa kazi walikuwa na cheti ambacho mwajiri mwingine angeweza kukiamini. Ujuzi wa mwanagenzi aliyefunzwa na fundi mmoja unajulikana na fundi huyo pekee, naye hana haraka ya kuwatangazia washindani wake.

Ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kuuiga mfumo wa Ujerumani kama ulivyo. Kule mwanagenzi hugawa wiki yake kati ya kiwanda na shule, na chemba za biashara, viwanda na ufundi ndizo husimamia mitihani. Pale ambapo kazi nyingi ziko katika sekta isiyo rasmi, hakuna kiwanda cha kumpokea, bali kuna fundi mwenye vijana watatu chini ya mti. Kwangu mimi, fedha za umma zingeanza na mtihani: mpimaji amfuate fundi na vijana wake, awapime kwa kazi, kisha atoe cheti kinachotambulika.

Mtihani wenyewe lazima uwe wa mkono. Niliwahi kukaa kwenye jopo lililompima fundi magari wa miaka mingi, ambaye alifungua kichwa cha injini, akapitisha rula juu yake dhidi ya mwanga, akatuonyesha mahali palipopinda kabla hatujamaliza kupanga karatasi zetu. Kisha akapewa maswali ya kuandika, la kwanza likimtaka ataje jina la kitabuni la kipimo cha mapengo membamba, kifaa kilichokuwa kwenye mfuko wake wa shati. Aliliacha wazi, pamoja na mengine kumi na moja, na kwa kanuni za siku hiyo tukalazimika kuandika kwamba hakufaulu.