Presha ya kupanda haipimwi kwa maumivu ya kichwa

Kaa kibarazani Ujiji au Mwanga, mjini Kigoma, hukosi kusikia: "Presha yangu naijua, ikipanda kichwa kinagonga." Ndiyo maana wengi humeza dawa siku kichwa kinapouma tu, kikitulia, vidonge vinarudi kabatini. Imani hii ni ya siku nyingi, na si kweli. Mara nyingi presha ya kupanda haina dalili. Inaweza kuumiza moyo, figo na mishipa ya ubongo miaka na miaka, mwenyewe yuko Kibirizi anauza dagaa wake bila wasiwasi.

Ya kuaminiwa ni mashine yenye mkanda. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu isipishane, mkono mezani usawa wa moyo. Ikisoma 140/90 au zaidi siku tofauti, nenda kituo cha afya.

Simu inasaidia hapa, hata ya kitochi. Tega kengele ya dawa. Kila ukipima, andika namba na tarehe kwenye ujumbe uuhifadhi, ili daktari aone mwenendo wa wiki kadhaa, siyo namba moja iliyopimwa ukiwa bado unahema, umeshuka bodaboda sasa hivi. Programu zinazodai kusoma presha kwa kidole juu ya kamera, mimi sizitegemei. Hazichukui nafasi ya mkanda.

Kengele ikilia nawe unajisikia mzima, meza. Huenda uzima huo ni dawa inafanya kazi. Ukitaka dozi ipunguzwe, peleka zile namba kliniki mzungumze.