Gundi Iliyokataa Kunata: Ubunifu Huanzia kwa Nani Anazungumza na Nani

Mwaka 1968, mkemia Spencer Silver wa kampuni ya 3M, Marekani, alikuwa akitafuta gundi kali. Akapata kinyume chake: gundi dhaifu, inayonata na kubanduka bila kuacha alama. Hakuificha. Kwa miaka kadhaa aliwaeleza wenzake habari zake, hata kwenye semina za ndani, ingawa hakuna aliyejua itafaa nini. Art Fry, wa idara nyingine, alizisikia. Fry aliimba kwaya, na vikaratasi vyake vya kuwekea alama vilikuwa vikidondoka kitabuni kila mara. Mwaka 1974 akaikumbuka ile gundi. Mwaka 1980 karatasi za Post-it, vikaratasi vya kuandikia vinavyobandikwa na kubanduliwa kwa gundi ya aina hiyo, zikaingia sokoni nchini humo.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama habari ya bahati. Sisi tunaoshughulika na mafunzo kazini tunaona pia kampuni iliyomwachia mtu aeleze kazi isiyofaulu mbele ya watu wasio wa timu yake. Marafiki wa karibu hujua takriban yale tunayoyajua. Jipya mara nyingi hutoka kwa mtu wa mbali kidogo. Lakini ujuzi mzito hausafiri kwa salamu za kwenye korido. Fundi anayetambua hitilafu ya mashine kwa mlio wake hawezi kuuandika ujuzi huo wote kwenye mwongozo. Anayejifunza inabidi asimame naye, asikilize, akosee, arekebishwe, na hilo halifanyiki bila kuaminiana.

Kuaminiana huko si kuchekeana tu. Mtafiti Amy Edmondson, alipochunguza makosa ya kutoa dawa katika hospitali za Marekani miaka ya 1990, alikuta timu zenye uhusiano mzuri zikiripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake ni kwamba watu hao hawakuogopa kusema. Kwa hiyo idara isiyoripoti kosa lolote mwaka mzima, mimi ingenitia shaka.

Kampuni nyingi hugharamia kozi, zikahesabu vyeti, basi. Aliyetoka mafunzoni akirudi kwa msimamizi anayemjibu "hapa hatufanyi hivyo", alichojifunza huishia kwenye daftari. Afadhali apewe kazi ndogo ya kukijaribia, na siku ya kuwaonyesha wenzake, wakiwemo wa idara nyingine, kilichotokea, hata kama jaribio limegoma.