Shughuli za mwili: si mazoezi peke yake

Ukitaja shughuli za mwili, wengi wetu tunawaza mchakamchaka wa alfajiri. Dhana yenyewe ni pana zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaieleza kuwa ni mjongeo wowote unaofanywa na misuli na kuutumisha mwili nishati. Kudeki bweni kumo, kuchota maji kumo, kutembea toka Cheyo hadi sokoni kumo. Mazoezi ni tawi tu: yale unayoyapangia muda na kuyarudia ili mwili uwe imara.

Tofauti hiyo ilijionyesha wakati wa Uviko-19. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Siku mbili baadaye vyuo navyo vikaamriwa kufungwa, hadi Juni 1. Fikiria mwanafunzi wa chuo hapa Tabora aliyerudi kwao Urambo. Tumbaku ilikuwa bado shambani. Kutwa anachuma majani, anayabeba mzigo kwa mzigo hadi kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku), anapasua kuni za kukaushia. Push-up hajapiga hata moja, na usiku mgongo unamwambia. Mwenzake aliyebaki mjini na bando lake: kitandani, kitini, kitandani tena.

Mhadhiri ndiye aliyepoteza bila kujua. Kusimama ubaoni saa mbili, kupanda ngazi, kwenda maktaba na kurudi ofisini, hayo hakuwahi kuyaita mazoezi. Geti lilipofungwa, yakaondoka yote kwa mkupuo.

Novemba mwaka huohuo WHO ikatoa mwongozo mpya: mtu mzima ajishughulishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa nguvu ya wastani, au 75 hadi 150 kwa nguvu kubwa, na siku mbili au zaidi aimarishe misuli. Wastani ni ule mwendo ambao unaweza kupiga soga lakini kuimba kunakushinda. Zamani walitaka angalau dakika 10 mfululizo. Sharti hilo wameliondoa (na afadhali), kwa hiyo hata dakika nne za kwenda bombani zinahesabika.

Kukaa kuna hesabu yake. Karani anayekimbia alfajiri kisha akaganda kwenye kompyuta mpaka jioni ana dakika zake kamili, ila na saa za kukaa anazo, na mwongozo uleule unataka hizo nazo azipunguze.