Jumla ya Miraba Miwili na Kanuni Inayofundishwa Nusu

Nimesahihisha tena daftari ambalo mwanafunzi, alipofika kwenye x⁴ + 4, ameandika kwamba "jumla ya miraba miwili haina vigawo" na kuendelea na swali linalofuata. Simlaumu yeye, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, ila nimechoka kuikuta sentensi hiyo kila muhula ikiwa imeandikwa kwa uhakika uleule.

Kanuni ya kweli ni finyu zaidi. Ikiwa a ni namba halisi isiyo sifuri, x² + a² haiwezi kuwa zao la vigawo viwili vya digrii ya kwanza vyenye namba halisi, kwa sababu kila kigawo cha aina hiyo kingeleta mzizi, yaani thamani ya x inayoifanya kuwa sifuri, ilhali x² + a² haishuki kamwe chini ya a². Anayeandika (x + a)² amesahau 2ax ya katikati, na hapo sina la kuongeza. Ukiruhusu namba changamano, yaani zenye i ambayo mraba wake ni −1, x² + 9 ni (x + 3i)(x − 3i). Na hata usipoziruhusu, 4x² + 36 ina kigawo cha shirika, 4, ambacho hutolewa kwanza.

Kosa linaanza pale hoja hiyo ya digrii ya pili inapohamishiwa digrii ya nne bila kukaguliwa. Ni kweli kwamba x⁴ + 4 haina mzizi halisi, lakini polinomia ya digrii ya nne inaweza kukosa mizizi na bado ikagawanyika katika vigawo viwili vya digrii ya pili ambavyo navyo havina mizizi. Kukosa mizizi si kukosa vigawo. Mambo hayo mawili huenda pamoja katika digrii ya pili na ya tatu tu. Ongeza 4x² kisha uitoe, upate (x² + 2)² − (2x)², yaani tofauti ya miraba miwili ambayo mwanafunzi huyohuyo anaijua vizuri:

x⁴ + 4 = (x² + 2x + 2)(x² − 2x + 2)

Weka 3 mahali pa x, upate 85 = 17 × 5. Weka 5, upate 629 = 37 × 17. Umbo la jumla, a⁴ + 4b⁴, limepewa jina la Sophie Germain, mwanahisabati wa Ufaransa.

Aliyeteleza hapa yumo katika kundi la wakubwa. Mwaka 1702 Leibniz, mwanahisabati wa Ujerumani, aliamini kwamba x⁴ + a⁴ haigawanyiki kwa namba halisi, ingawa ni (x² + a²)² − 2a²x², na kinachohitajika ni kukubali kipeuo cha pili cha 2. Kwa hiyo x⁴ + 1 haina vigawo kwa namba wiano, yaani zinazoandikika kama sehemu ya namba kamili mbili, lakini inavyo kwa namba halisi. Swali linalosema "tafuta vigawo hadi mwisho" bila kutaja aina ya namba halijakamilika, na mtahini ndiye anayepaswa kulikamilisha.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni x⁶ − 1. Anayeanza na tofauti ya miraba hupata (x³ − 1)(x³ + 1), kisha vigawo vinne: x − 1, x² + x + 1, x + 1 na x² − x + 1. Anayeanza na tofauti ya vipeo vya tatu hupata (x² − 1)(x⁴ + x² + 1), hutenga x² − 1, kisha husimama, kwa kuwa x⁴ + x² + 1 haifanani na umbo lolote alilokariri. Polinomia ni moja, na idadi ya vigawo vyake haiwezi kutegemea mahali ulipoanzia.

Hapa nina shaka yangu. Kumwambia anayeanza "ongeza kisha utoe" kunamwonyesha hila tu, bila kumwonyesha namna ya kuijua mapema. Ninachompa sasa ni kipimo: katika x⁴ + bx² + q², angalia kama 2q − b ni mraba kamili, ukijaribu q chanya na q hasi. Kwa x⁴ + x² + 1 unapata 1, na kazi inakwisha. Kwa x⁶ + 64, ambayo ni jumla ya miraba na pia jumla ya vipeo vya tatu, unapata kwanza (x² + 4)(x⁴ − 4x² + 16), halafu kipimo kinatoa 12 au −4, na hakuna kati yazo iliyo mraba kamili. Kwa namba wiano hapo ndipo mwisho. Kwa namba halisi, kipeuo cha pili cha 12 kinakupeleka hatua moja zaidi.