Mkataba wa Paris hautozi nchi faini

Nairobi utasikia watu wakisema kwamba Kenya isipopunguza gesi joto ilivyoahidi chini ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, Umoja wa Mataifa pale Gigiri utaitoza faini. Sivyo. Gigiri ni makao makuu ya UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Sekretarieti ya mkataba wa tabianchi iko Bonn, Ujerumani, nayo haina mamlaka ya kumtoza yeyote.

Mkataba wa Paris wa 2015 unalazimisha utaratibu, si kiwango. Kila nchi lazima iwasilishe lengo jipya kila baada ya miaka 5 na itoe ripoti, lakini lengo lenyewe hujipangia. Ikishindwa, kamati iliyoundwa na Kifungu cha 15 huisaidia, haiadhibu.

Adhabu ilikuwepo katika Itifaki ya Kyoto ya 1997, makubaliano ya tabianchi yaliyotangulia Paris: nchi iliyoendelea ikipitisha kiwango chake, ziada hiyo ingekatwa kwenye mgao wake wa gesi iliyoruhusiwa kutoa kipindi kilichofuata, pamoja na asilimia 30 juu yake. Kanada ilitangaza kujiondoa Desemba 2011, hivyo haikuadhibiwa. Ukali ule ulifukuza nchi badala ya kuzibana.

Hesabu ya Kenya nayo husomwa vibaya. Lengo la 2020 lilikuwa kupunguza asilimia 32 ifikapo 2030, lakini kutoka tani milioni 143 zilizokadiriwa endapo hakuna hatua itakayochukuliwa, si kutoka kiwango cha sasa. Ukitoa, zinabaki takriban milioni 97. Tena asilimia 79 ya gharama ya kupunguza gesi hizo ilitarajiwa kutoka nje. Wasiwasi wetu uwe hapo: fedha zisipofika, miradi hukwama.